Tulivyofumua Nywele Nyuma ya Kliniki ya Ubongo

Binti yangu nilimsuka mwenyewe kwa ajili ya kipimo cha ubongo. Nilianza Jumapili baada ya kanisa, nikamaliza giza likiingia: rasta nyembamba kama uzi wa viatu, zote za urefu mmoja, zikimfika kiunoni. Sitajifanya mnyenyekevu, ilikuwa kazi safi. Nairobi kuna wasusi wanaosuka nyembamba na kuna wanaosuka haraka, lakini wa kufanya yote mawili bila kumvuta mteja ngozi mpaka atokwe na vipele si wengi. Mimi ni mmoja wao. Nilimpaka mafuta kwenye mistari, nikachovya ncha kwenye maji ya moto, nikamwambia ajitazame kwenye kioo. Alijitazama, akasema asante, akaenda kulala.

Nilikuwa na sababu. Mara ya mwisho kufika hospitalini alipelekwa na majirani baada ya kuangukia mtaroni karibu na soko la mtaa wetu wa Jericho. Nilipofika nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, matope mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja, nywele zimesimama kila upande. Mlinzi alikuwa anamuuliza muuguzi kama huyo chizi ana mtu wake. Nilikuwa nyuma yake tu. Nimefanya kazi ya urembo miaka mingi kiasi cha kujua kwamba watu husoma kichwa chako kabla hawajasikia jina lako, kwa hiyo niliapa kwamba mwanangu akirudi pale ataingia akiwa na kichwa cha mtoto wa mtu.

Na mtu mwenyewe ni mimi. Nilitoka kwenye kiwanda cha plastiki, Industrial Area, ambako tulikuwa tunasimama getini alfajiri tukingoja kuchaguliwa kwa kidole. Nikaenda Doha kufagia nywele kwenye saluni ya wenyewe. Mwaka wa kwanza nilifagia, wa pili nikaosha vichwa, wa nne nilikuwa nawasuka wake za wakubwa ambao hawakutaka kushikwa na mikono mingine. Ijumaa, siku ya mapumziko, wenzangu walilala na mimi nikaenda darasani. Nilirudi na diploma ya urembo na utunzaji wa nywele, na leo nina saluni mtaani Lucky Summer, viti vitatu, maji ya moto yanatoka kwenye bomba. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema haya ili ieleweke ni mtu gani aliyeambiwa asubuhi ya kipimo, na msichana ambaye ningeweza kumzaa, kwamba kazi yake haifai.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, kina kitanda, kompyuta, na nyaya za rangi zilizoning'inia ukutani kama nywele za bandia dukani. Yule mpimaji alikuwa msichana wa mtandio mweusi na lafudhi ya Kisomali ya Eastleigh, mpole kabisa. Alizunguka nyuma ya binti yangu, akainua rasta mbili kwa kidole, akazishusha.

"Mama, samahani sana," akasema. "Hapa siwezi kupima."

Alinieleza kwamba visahani vya chuma zaidi ya ishirini vinabandikwa kichwani, na kila kimoja lazima kiguse ngozi. Mafuta huvizuia kusikia umeme wa ubongo, na nywele za bandia huviinua. Nikamwambia mistari iko wazi, nimeichora mimi, aweke visahani vyake humo humo. Akasema mahali pa kuvibandika hupimwa kwa utepe kuanzia juu ya pua mpaka kisogoni, hapafuati mistari ya msusi. Kisha akaigeuza karatasi yangu ya miadi. Nyuma kulikuwa na maandishi: nywele zioshwe, zisisukwe, zisitiwe mafuta. Mimi nilikuwa nimesoma upande wa mbele tu, wenye tarehe na saa.

Nililumbana naye. Sioni haya kulisema. Nilimuuliza ni nani anayeandika jambo kubwa kama hilo nyuma ya karatasi. Nilimuuliza kama anajua hicho kichwa kimechukua saa ngapi. Akanipa tarehe nyingine, baada ya miezi miwili na zaidi. Miezi miwili, na mtoto anaanguka mara tatu kwa wiki.

Mpimaji akamgeukia binti yangu, akamuuliza mwezi huu ameanguka mara ngapi. Nikajibu mimi. Akamuuliza tena, akimtazama yeye, kama kuna dalili anazisikia kabla ya kuanguka. Nikajibu mimi, maana ninazijua zote: anasikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha mkono wa kushoto unakufa ganzi. Yule msichana akanitazama kidogo, akaandika. Kisha akasema mgonjwa wa saa nane amepiga simu kwamba haji. Kama nitamrudisha saa nane kamili, kichwa kimefumuliwa, kimeoshwa na kimekauka, atampima.

Ilikuwa saa nne kasorobo. Kufumua kichwa kile ni kazi ya wasichana watatu na chai katikati. Nikamwambia nitakuwa hapo saa nane kasoro dakika kumi.

Nyuma ya kliniki kuna uwanja mdogo wa saruji ambako wafagiaji huanika matambara yao, na kuna bomba. Mfagiaji mmoja aliniazima beseni, nikanunua shampuu za pakiti kwenye kibanda cha getini pamoja na mkasi wa mtoto wa shule. Nilikaa kwenye benchi, binti yangu akakaa chini kwenye leso yangu, kisogo kwangu. Nikazikata rasta zote usawa wa mabega, pale nywele zake mwenyewe zinapokoma, nikaanza kufungua moja moja kwa mkia wa kitana. Jumapili yangu nzima ilikuwa inaanguka chini kwa vishungi, na mfagiaji akaniambia kwa utani kwamba leo nimemzidi kwa uchafu. Sikucheka.

Mikono ikifanya kazi hiyo, kichwa hubaki huru kukasirika, na mimi nilikuwa na mengi ya kukasirikia. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka kumi na mitatu, mimi nikiwa Doha. Mama yangu, aliyekuwa akimlea kwenye nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kule Jericho, aliniambia kwa simu vipande vipande. Kwanza mtoto amezimia kwa jua. Baadaye mtoto ana malaria ya kichwa. Mwaka mzima ulipita kabla neno lenyewe halijatajwa. Mama hakutaka majirani wa mlango wa pili wasikie, na kuta za Jericho zinasikia. Alikuwa akitembea na kijiko mfukoni ili amtie mtoto mdomoni akianguka, asijitafune ulimi. Hicho kijiko ndicho kilichomvunja jino la mbele. Niliporudi nilimwambia Mama kwamba mtu akianguka hatiwi kitu mdomoni, analazwa ubavu na kusubiriwa. Akanijibu kwamba wakati anafanya hivyo mimi nilikuwa wapi.

Shule nayo. Alipoanguka mstarini mara ya pili, mwalimu mkuu alisema kwa upole akae nyumbani mpaka apone, kana kwamba ni tetekuwanga. Alikuwa kidato cha tatu. Tangu siku hiyo ulimwengu wake ukawa chumba na kibaraza. Sokoni haendi peke yake. Jikoni hasimami karibu na jiko. Bafuni mlango haufungwi. Aliniomba aje saluni anisaidie kuosha vichwa, nikakataa. Nikamwambia ni kwa sababu ya pasi za moto. Ukweli ni kwamba niliogopa aanguke mbele ya wateja wangu, wale wanaotoka mbali kunifuata kwa sababu wanajua kwangu hakuna mambo ya ovyo.

Nilikuwa nimefika upande wa kulia nilipoona mkono wake. Ulipanda polepole mpaka juu ya sikio, ukaingia ndani ya nywele nilizokwisha kuzifungua, ukachagua unywele mmoja, ukaung'oa. Akautazama mzizi wake. Akautia mfukoni. Mkono ukapanda tena.

Pale juu ya sikio palikuwa na kipara cha ukubwa wa yai. Nilikuwa nimekiona Jumapili. Nilikiona hata miezi mitatu kabla, na nikajua mara moja ni nini: nywele zimechoka kwa kuvutwa na msusi fulani wa Jericho asiye na mafunzo. Nilisomea hayo na nilifaulu vizuri sana. Nilimpaka mafuta ya habbat soda kila jioni, na nilipomsuka niliipitisha mistari kwa ustadi ili rasta za juu zikifunike. Hakuna mtu angekiona.

Nikamshika mkono. Nikamuuliza kama ni yeye anayejing'oa nywele.

"Inanisaidia," akasema.

"Inakusaidia nini?"

"Nikianza kufikiria. Nikivuta, inanyamaza kidogo."

Nilimuuliza anafikiria nini. Nikafungua rasta nyingine mbili. Kwenye saluni mteja anayekupa kisogo husema mambo ambayo hangesema akikutazama, na msusi mwenye akili hujua kunyamaza na kuendelea na kazi. Wageni wameniambia juu ya waume zao na mimba zao, nami sijawahi kumkatiza hata mmoja.

"Nafikiria siku moja nianguke mahali hakuna mtu," akasema. "Nisiamke. Halafu nyinyi mpumzike."

Mteja angesema hivyo ningenyamaza. Lakini huyu alikuwa wangu, na nikafungua mdomo. Nilimwambia nilivyofagia Doha. Nilimwambia nilivyolala watu wanane kwenye chumba kimoja ili yeye apate dawa nzuri na shule nzuri, na leo anakaa hapa ananiambia anataka kulala chini afe. Nilimuuliza kama anajua ni wangapi wangependa kuwa na mama kama mimi. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilimfunga mdomo zaidi. Niliona mabega yake yakipanda kuelekea masikioni. Nilipomaliza, akasema, "Pole, Mum." Hakusema lingine mpaka saa nane.

Tulimaliza. Nilimwosha mara tatu kwa maji ya baridi mpaka nywele zikalia chini ya vidole, nikamkausha kwa leso na jua, nikamfikisha mlangoni saa nane kasoro dakika saba. Mpimaji alishika nywele, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema hajawahi kuona kichwa kimefumuliwa hivyo. Siku nyingine yoyote ningelichukua neno hilo nikatembea nalo mwezi mzima.

Aliniruhusu nikae kwenye kona. Alipima kichwa kwa utepe, akaweka alama kwa kalamu nyekundu, akasugua kila alama, akabandika visahani kwa dawa nzito kama jeli ya kusukia. Alipofika kwenye kile kipara alikitazama, akamtazama binti yangu, akabandika kisahani chake taratibu. Kisha kwenye kompyuta ikatokea mistari, mingi, inayotembea pamoja ikipanda na kushuka. Akamwambia afumbe macho, afumbue. Akamwambia apumue kwa nguvu dakika tatu, kama anayepuliza moto. Akawasha taa inayopepesa, pole pole kisha haraka. Mwisho akamwacha asinzie.

Mimi nilikuwa nimekaa nikiikodolea macho ile mistari. Nilikuwa nataka ipige kelele. Nilitaka mstari mmoja uruke mpaka juu ya kioo ili mtu aseme, lile pale, tumeliona, sasa tunaliondoa. Mistari ilienda tu, laini. Nikamuuliza yule msichana kwa sauti ya chini kama mashine yake inaweza kuonyesha mawazo. Kama mtu ana mawazo mabaya, yataonekana?

"Hapana, Mama. Hii inasikia umeme tu," akasema. "Mawazo lazima mtu aulizwe mwenyewe." Kisha akaongeza, "Na asijibiwe na mwingine."

Nilielewa alichosema. Nilimchukia kwa dakika nzima.

Majibu tuliambiwa tuyafuate kwa daktari baada ya siku nane. Sijui wenye hospitali wanafikiri mtu hufanya nini kwa siku nane. Niliwapigia simu kesho yake, nikaeleza alichosema mtoto. Sauti ya upande wa pili iliniuliza kama amejaribu kujidhuru. Nikasema hapana, amesema tu. Basi nisubiri kliniki, wakasema, na akijaribu nimlete haraka. Yaani mlango unafunguka baada ya nyumba kuungua. Nikatoa dawa zote kwenye kabati la Mama nikawa natembea nazo kwenye mkoba, namgawia asubuhi na jioni kwa mkono wangu. Wasichana wangu wa saluni waliniuliza mbona siku hizi nafunga mapema. Niliwaambia nina kazi za watu wa harusi. Nilikuwa narudi Jericho kukaa kwenye kibaraza na mtoto asiyesema nami. Nilijaribu kuuliza. Kila nikiuliza ananijibu yuko sawa, na mimi ndiye niliyemfundisha jibu hilo.

Siku ya nane tulikwenda watatu, maana Mama hakukubali kubaki. Daktari alikuwa mtu mzima, miwani imeshuka puani, foleni nje imejaza ukumbi. Akafungua faili, akasema kipimo kiko sawa, mawimbi ni ya kawaida.

"Asifiwe Bwana," Mama akasema. "Basi hana kifafa."

Daktari akasema sivyo. Kipimo kimesikiliza ubongo kwa muda kama wa kunywa chai tu, na ubongo ukitulia katika muda huo haimaanishi umetulia siku zote. Kuanguka kwenyewe, jinsi kunavyoanza na kunavyokwisha, ndiko kunakomwambia ni kifafa, na dawa ziendelee. Hapo damu ilinipanda. Nikamuuliza kama kipimo kikionyesha ni ugonjwa na kisipoonyesha ni ugonjwa, tulikuja kufanya nini. Yeye hakukasirika. Alisema kingeonyesha kitu kingemsaidia kuchagua dawa, lakini hakiwezi kumwondolea mtu ugonjwa ambao watu wameuona kwa macho. Ni jibu zuri. Lakini sikuwa nimemfumua mtoto wangu uani mwa hospitali ili nipewe jibu zuri.

Kisha akauliza, huku akiandika, kama watu wanavyouliza habari za nyumbani, mbali na kuanguka, mtoto anaendeleaje.

"Yuko sawa, daktari," Mama akasema upesi. "Huyu ni mtoto mtulivu sana."

Niliona mkono wa binti yangu ukipanda kuelekea juu ya sikio. Nilijua kwamba kalamu ikimaliza ule mstari tutapewa miezi mitatu mingine na kuambiwa asante. Nilijua pia kwamba mlango ulikuwa wazi nusu, na kwenye benchi la kwanza ameketi mteja wangu wa Lucky Summer na mtoto wake.

"Si kweli," nikasema. "Hayuko sawa. Anajing'oa nywele. Ameniambia anataka alale asiamke, na mimi nilimgombeza."

Mama aliguna, akanivuta mkono wa gauni, akaniambia kwa lugha yetu kwamba mambo hayo hayasemwi mbele za watu. Daktari aliweka kalamu chini. Akainuka, akafunga mlango. Aliporudi hakuketi kwenye kiti chake, alivuta kile cha wagonjwa akakaa karibu na binti yangu, akamuuliza yeye: tangu lini?

Hapo nilijiuma ulimi, na sisemi kwa mfano. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu.

"Tangu zile tembe mpya," binti yangu akasema.

Daktari alirudi kwenye faili akatafuta ukurasa. Dawa ilibadilishwa miezi minne iliyopita. Akasema kuna watu ambao dawa ile huwaharibu moyo, huwatia hasira au huzuni ambayo si yao, na kwamba ataibadilisha taratibu, ila tusithubutu kuikatisha wenyewe, kwa sababu kifafa kilichokatiziwa dawa ghafla huua. Akasema pia kwamba huenda si dawa peke yake. Vijana wengi wenye kifafa huingiwa na huzuni nzito, si kwa sababu ni dhaifu wala kwa sababu ya pepo, na huzuni hiyo nayo inatibiwa.

Nikamuuliza mbona hatukuambiwa siku ile ya kubadilishiwa dawa. Akasema imeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya pakiti. Nadhani aliyasikia mwenyewe maneno yake, maana alivua miwani akasema, "Tulipaswa kumuuliza. Hatukumuuliza."

Nilikuwa na mengi ya kumrudishia, na nilikuwa nimeanza, nilipoguswa goti. Binti yangu alikuwa ananitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ule uwanja wa saruji.

"Mum, wewe na Shosho tokeni nje kidogo."

Mama akasema haiwezekani, mtoto ataanguka humo ndani. Binti yangu akamwambia kama ni kuanguka, aliyepo ni daktari. Alilisema kwa ucheshi mkavu ambao sikujua anao, na daktari akacheka. Nikamshika Mama mkono tukatoka.

Tulikaa nje karibu saa nzima. Foleni ilinung'unika, na haki yao. Mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti kama humo ndani wanapika. Mteja wangu alinisalimia kwa adabu kupita kiasi, ile ya mtu aliyekwisha kusikia kila kitu, na mpaka leo hajarudi kwenye kiti changu. Mama alikuwa ananong'ona sala upande mmoja na kunilaumu upande wa pili. Nilisimama karibu na mlango kadiri nilivyoweza bila kuonekana nasikiliza. Sikusikia kitu. Mlango pekee wa hospitali nzima uliotengenezwa vizuri ulikuwa ule.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alikuwa na karatasi ya kwenda kwa mshauri, na mshauri huyo yuko jengo jingine, na anaonekana Alhamisi tu, na Alhamisi hiyo imejaa, hivyo ni ya wiki ijayo. Nilianza kupandwa na hasira palepale, nikataka kurudi ndani niulize ni nani aliyepanga kwamba kichwa kimoja kitibiwe kwenye majengo mawili na siku mbili tofauti. Akaniambia nisirudi. Daktari amempa namba ya muuguzi ya kupiga mawazo yakizidi kabla ya hapo, naye amemwahidi daktari kwamba atapiga.

"Umemwambia nini mle ndani?" nikamuuliza.

"Nimemwambia yeye," akasema.

Sasa ni Alhamisi ya tano. Saluni nafungua mchana siku hiyo. Hajaacha kuanguka, ingawa ni mara chache zaidi kidogo, na kuna siku bado anashinda kitandani akitazama ukuta, na siku hizo mimi hukaa mlangoni na mkoba wangu wa dawa nisijue la kufanya, mimi ambaye sijazoea kutojua. Mara moja aliipiga ile namba mwenyewe, mchana, akiwa kwenye kibaraza, nami nikamwona kwa mbali akiongea na mtu ambaye si mimi.

Huko kwa mshauri hakuna benchi. Jengo zima la watu wenye mawazo, na hakuna mtu aliyewaza kwamba wanaowaleta wana miguu. Nimelalamika mara mbili kwa maandishi. Wiki iliyopita nilisimama pale ukutani nikimsubiri, na kupitia dirishani, kwa mara ya kwanza, nilimsikia akiongea. Maneno hayakufika. Ilifika sauti tu, inakwenda, inakwenda, haikatizwi na mtu. Nikasogea hatua mbili mbali na dirisha, kisha nyingine mbili, nikaenda kusimama kwenye jua.